Mguu Wangu na Macho ya Mkwe

Chumbani tulikuwa watano. Mimi mwenye mguu, nimelazwa kwenye kile kitanda chembamba cha hospitali chenye shuka la plastiki. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mkubwa kwangu kwa umri, aliyeolewa kwa Waislamu wa bondeni na kurudi kwao alipofiwa. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Binti yangu alishatangulia, lakini mkwe ni mkwe, kifo hakimwondoi. Daktari wa ngozi, binti wa umri wa wajukuu zangu, mtu wa Kanda ya Ziwa, ambaye hupanda Lushoto kwa zamu. Na nesi, mama mtu mzima wa Vuga. Mama yake mzazi nilipata naye kipaimara siku moja.

Majina yao nayajua yote, la ubatizo na la nyumbani, na ya baba zao. Watu hunijia kuuliza fulani alikuwa mtoto wa nani, nami huwaambia. Lakini hapa siandiki hata moja. Habari ya mguu wa mtu na mkwe wake si ya kutajia watu majina. Na la mkwe wangu ndiyo kabisa, maana tangu alipoleta posa nyumbani kwangu halijatoka mdomoni mwangu. Namwita mkwe, au baba. Yeye ananiita mama, akiwa ameelekeza uso kwingine.

Tulikutana hivyo watano mara mbili, na ndizo mara ninazotaka kuzisimulia.

Ilianza na doa jeusi chini ya kisigino cha kulia. Nilidhani ni alama ya mwiba. Sisi wa Malindi hii ya milimani tumelima peku tangu utoto, nyayo zetu zina kila kitu, nani angeshangaa doa? Likakua. Likapasuka katikati, likawa linatoa majimaji na kuchafua soksi. Zahanati walinipa dawa ya kupaka. Nilipoanza kuchechemea, mkwe alileta pikipiki uani akasema tunashuka Lushoto, nami sikubisha. Wakakata kipande wakakipeleka kupimwa, na jibu lilipokuja likawa ni kansa ya ngozi.

Nilimwambia daktari, "Kansa ya ngozi si ni ya ndugu zetu wenye ualbino? Mimi mweusi hivi."

"Shikamoo kwanza, Bibi," akasema, maana kwa haraka yake alikuwa amesahau, na nesi alikuwa amemkazia macho. "Hao wanaipata kwa jua. Hii yako ni nyingine, haina habari na jua. Inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha, na sisi weusi inatupata hukohuko."

Marahaba nikaitikia.

Watu wameniuliza kama niliogopa. Sikuogopa. Sikulia pia. Nilikuwa kama mtu anayesikiliza redioni matangazo ya vifo vya wilaya nyingine. Walinipeleka hospitali kubwa huko chini, wakakichimba kisigino, wakatoa ngozi pajani wakakiziba. Kilipopona nikagundua kile kiraka hakisikii kitu. Ukikigusa sisikii, ukikichoma sisikii. Nikaona sawa tu, sasa mguu na mwenyewe tumefanana.

Mara ya kwanza ya sisi watano ilikuwa baada ya hapo. Daktari alikuwa na majibu ya kile walichokikata. Akavuta kiti karibu na kichwa changu.

"Bibi, ugonjwa tumeshaupima. Leo napima hatari."

"Hatari inapimwa kwa nini? Kwa debe?"

Nesi akacheka. Daktari naye akacheka kidogo, kisha akanieleza polepole, na nilimwelewa. Alisema wanatazama mambo matatu. La kwanza ni doa lilichimba kwenda chini kiasi gani, na langu lilikuwa limechimba. La pili ni kama juu yake palikuwa na kidonda, na kwangu palikuwa nacho. La tatu ni mitoki, vile vivimbe vya kwenye kinena, maana ugonjwa wa mguu ukitaka kusafiri unapitia hapo. Mitoki yangu aliipapasa akasema imetulia.

"Kwa hiyo nakuweka katikati," akasema. "Si mtu wa kwenda nyumbani akasahau. Ugonjwa unaweza kurudi. Ukirudi tukauwahi, tunaukata. Ukirudi ukatukuta tumelala, utakwenda kwenye mapafu, na huko mimi sina kisu."

Akapanga. Kliniki nije kila baada ya miezi mitatu, hata nikiwa sijisikii kuumwa. Na nyumbani, kila mwezi ukiandama, mtu anitazame mguu wote kwenye mwanga wa mchana: unyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, pembeni mwa kiraka, na kupanda hadi nyuma ya goti. Kipele cheusi, hata kidogo, nisisubiri tarehe. Mwenyewe siwezi kuuona unyayo wangu, mgongo haukunji. Na kwa kuwa kiraka hakisikii, maumivu hayatanionya. Lazima awe mtu mwenye macho.

"Nyumbani uko na nani?"

Nikamwambia niko na wifi, chumba kwa chumba. Mkwe anakaa ng'ambo ya shamba la viazi.

"Basi vizuri," akasema daktari, akamgeukia mkwe aliyesimama mlangoni. "Kijana, wewe utamwangalia Bibi."

Mkwe akatoka nje. Hakuaga, alitoka tu kama mtu aliyeitwa.

Daktari akabaki ameshika kalamu. "Nimesema nini?"

"Daktari, yule ni mkwe wake," nesi akasema.

"Ndiyo, nimesikia ni mkwe wake."

"Hujasikia."

Akamweleza. Kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse mguu. Kwamba nikipita njiani anakaa pembeni mpaka nipite, hali sahani moja nami, hakai kitanda nilichokalia. Nesi alikuwa akieleza na mimi nikitazama dari, kana kwamba anasimulia habari za watu wengine.

"Mimi nipo," wifi akasema. "Kwani mimi nimekufa? Nitamwangalia mimi."

Daktari akafurahi, akamwandika wifi, tukaondoka.

Basi mwezi ukiandama wifi ananiambia, "Haya, mke wa kaka, lete hilo gogo." Tunakaa kizingitini jua likiwa juu. Anaupakata mguu wangu, anaugeuza, anausugua kwa kiganja kama mtu anayechagua kiazi kizuri.

"Mguu huu ndio uliomkimbiza kaka yangu kanisani mbio. Mimi nilimwambia, tazama miguu kwanza, hakunisikia."

"Na wewe wako uliwakimbiza wangapi?"

"Wangu ulikuwa umefunikwa, mimi ni mtu wa heshima." Kisha anaupiga kofi. "Safi. Hakuna kitu."

Kila mwezi safi. Wifi yangu anachambua maharage kwa vidole, uso ameuelekeza mlimani. Mtu akiingia uani hasemi kitu mpaka asikie sauti. Yote hayo nilikuwa nayaona, ila yule alikuwa mkubwa wangu na alikuwa amejitolea mbele ya daktari. Mkubwa wako akisema safi, ni safi. Tukaenda kliniki ya kwanza, siku hiyo nesi hakuwa zamu, daktari akatazama mwenyewe, akasema pazuri, endeleeni hivyohivyo.

Mkwe alikuwa anakuja asubuhi. Anasimama penye mti wa peasi, anakohoa, anasema shikamoo akiuambia ule mti, anaacha kuni au maji, anaondoka. Jumapili alikuwa ananipeleka ibadani kwa pikipiki, kwa sababu njia ya kupanda usharikani imekuwa ndefu kwa mguu wangu. Kukaa nyuma yake haikuwa taabu, mgongo hauna macho.

Jumapili moja wakati nashuka pale kanisani, kiatu cha kulia kilinidondoka, na kwa kuwa kisigino hakisikii nikaendelea kukaa hapo, mguu wazi umening'inia, nikiwasalimia watu. Mkwe akainama kukiokota. Nilimwona amechelewa kuinuka. Akakiweka chini karibu na mguu wangu, akageuka, nami nikakitafuta kwa vidole nikavaa. Sikuwaza neno.

Siku chache baadaye akasema pale kwenye peasi, "Mama, kliniki si tungewahi kwenda?"

"Tarehe bado."

"Najua bado. Ila mvua ikija barabara itaharibika."

Nikatazama juu. Hapakuwa na wingu hata la kufutia uso. "Viazi viko kwenye maua, mkwe. Tusubiri tarehe."

Akaja tena. "Nimesikia daktari amepanda wiki hii."

"Umesikia kwa nani?"

"Nimesikia tu, mama."

Nikamwambia tarehe ni tarehe. Akaleta viatu vya kufunga kwa kamba, vipya, akaviacha juu ya jiwe. Halafu siku moja nikamsikia nyuma ya jiko akimuuliza wifi, "Shangazi, mama mnamwangalia vizuri?"

"Unaniuliza mimi?" Wifi akapandisha sauti hata majirani wakasikia. "Wewe mtoto, kazi yako viazi. Mguu wa mama mkwe wako umeanza kukuhusu lini?"

Akaenda zake. Usiku wifi akaniambia mkwe wangu ana haraka ya kunipeleka hospitali, labda amepata mwanamke na anataka kujua atakuwa huru lini. Nikasema labda. Hata hilo halikuniuma. Tangu tumzike binti yangu vitu vingi havikuwa vikiniuma, na vilivyobaki vilikwisha na kile kisigino.

Tukavuna viazi. Tarehe ikafika, tukashuka.

Ndiyo mara ya pili ya sisi watano. Daktari aliingia na shikamoo zake zote mbili, yangu na ya wifi, akafungua kamba za kile kiatu kipya huku akiniuliza habari za mavuno. Nikawa namjibu. Kisha nikaona najibu peke yangu.

Akaivuta taa. Akatazama muda mrefu.

"Bibi, anayekuangalia nyumbani ni nani?"

"Mimi," wifi akasema, kwa sauti ya mtu anayesubiri sifa.

"Shikamoo tena, Bibi. Mwezi huu uliona nini?"

"Marahaba. Safi."

Daktari akachukua kidole cha wifi akakiweka pembeni mwa kiraka. "Na hapa?"

"Hapo laini."

"Sikuulizi ulaini. Nauliza rangi."

"Rangi ya mguu. Kwani mguu una rangi gani?"

Daktari akainua kalamu yake mbele ya uso wa wifi. "Na hii ni rangi gani?"

"Wewe mjukuu wangu, unanichezea? Mimi nimemleta mgonjwa, sikuja kutibiwa."

Nesi alicheka, akaziba mdomo. Kisha hakuna aliyecheka tena. Wifi aliendelea kutazama mahali kalamu ilipokuwa, wakati daktari alikuwa ameshaishusha.

Pembeni mwa kiraka, upande wa ndani, palikuwa na vipele vyeusi. Daktari alinipiga picha kwa simu akanionyesha. Vidogo, vinang'aa, kama mbegu za mchicha mtu amezimwaga. Vingine vilikuwa vimeshaanza kushikana.

"Hivi vina muda," akasema. "Havikuota juzi. Nyumba nzima hakuna aliyeviona?"

Wifi alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake. Nje watu wanaitwa kwa namba zao.

"Mimi niliviona."

Alikuwa mkwe. Amesimama mlangoni, mgongo umetuelekea, uso kwenye korido. Hata leo naisikia ile sauti, haikuwa kubwa.

"Uliviona lini?" daktari akauliza.

"Viazi viko kwenye maua. Kiatu kilimdondoka."

"Viazi vina maua lini?"

Nesi akamwambia imepita karibu miezi miwili. Daktari alivua miwani.

"Miezi miwili umeviona na hukusema? Nilisema msisubiri! Kwa nini hukusema?"

Mkwe akasema, "Ningesema nimeviona wapi?"

Daktari alimtazama mgongo, akamtazama nesi. Nesi alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni zile safari zake za kwenye mti wa peasi. Barabara itaharibika. Daktari amepanda. Viatu vya kufunga. Alikuwa amesema kila kitu alichoweza kusema, nami nilikuwa nimemjibu kwa habari za tarehe.

Daktari akanipapasa kinena. Akarudia mahali pamoja mara kadhaa. Upande wa kulia palikuwa na mtoki mmoja, mgumu, kama punje ya harage. Akakaa kwenye kiti chake.

"Bibi, leo nakuhamisha. Ule mpango wa mwanzo ulikuwa wa mtu wa katikati. Sasa uko juu. Utashuka tena hospitali kubwa, vipele watakata na huo mtoki watautoa waupime, na kifua watakipiga picha. Ukitoka huko nakutaka hapa kila mwezi. Kazi ya hapa hospitali nitaifanya mimi. Lakini katikati ya mwezi siko, na vipele haviningoji mimi. Nyumbani nataka macho yanayoona. Nani?"

Nilitazama dari. Palikuwa na doa la mvua lenye umbo la jani la mgomba, nililiona hata ile mara ya kwanza. Nilijaribu kuogopa, kwa sababu niliona inafaa, nikashindwa. Niliwaza tu kwamba mtu mmoja katika chumba kile alikuwa ameogopa kwa ajili yangu tangu viazi viko kwenye maua, peke yake, na amekuwa akiuambia mti.

Nikasema, "Mkwe, geuka."

Hakugeuka.

"Mkwe, nimesema geuka. Ni mimi ninayesema."

"Geuka, baba!" wifi akadakia. "Mwenye mguu amekwambia. Mimi macho sina, si umesikia? Hata kalamu ya daktari sikuiona."

Neno hilo la macho alilisema hivyohivyo, kwa ukali, kama anamgombeza yeye. Ndiyo mara ya kwanza kulisema, na sijamsikia akilirudia.

Mkwe akageuka. Nesi akanifunika kwa kitenge kutoka kiunoni hadi magotini, akakibana pande zote kama anafunga mzigo. "Mtoki utaupapasa mwenyewe, Bibi," akasema. "Huko hakumhusu. Yeye ni goti kushuka chini." Nami nikaona hapo mpaka umewekwa vizuri.

Daktari akamfundisha. Tazama hapa, fungua vidole hivi, bonyeza kucha, pitisha mkono nyuma ya goti. Mkwe akafanya kila alichoambiwa, jasho linamtoka na Lushoto siku hiyo palikuwa na baridi ya kuvaa koti. Alikishika kisigino changu kwa mikono miwili. Mimi sikusikia. Nilimwona tu amekishika.

"Hongea, baba," nikamwambia, asante ya kwetu. Hakuitikia, ila alikuwa hapo.

Nilikatwa mara ya pili. Mtoki ulikuwa umeingiliwa, mapafu bado yalikuwa safi. Sasa mguu unavimba jioni, naupandisha juu ya gunia. Kila mwezi nashuka kwa daktari, na katikati ya mwezi mkwe anakuja mchana, amevaa shati lake la ibada na amenawa mikono hadi viwiko, kama mtu aliyekuja kuleta mahari. Wifi anakaa katikati yetu, ndiye shahidi.

"Haya, soma kwa sauti," anamwambia. "Usimung'unye."

Naye anasoma. Kidole kikubwa, hakuna. Katikati ya vidole, hakuna. Kiraka, hakuna. Akimaliza anavisha soksi, anarudi kwenye mti wa peasi, na kutoka hapo ananiaga akiuelekeza uso mlimani kama zamani. Tukikutana njiani bado anakaa pembeni nipite. Hayo hatujayaacha.

Juzi aliposoma alifika nyuma ya kiraka akanyamaza.

"Soma," wifi akasema.

"Mama, kuna kimoja," akasema. "Kidogo. Kesho asubuhi tunashuka."

Sikumuuliza habari ya tarehe. Nilimwambia aje kukipambazuka. Tulishuka, daktari amekikata, jibu halijarudi. Naandika haya nikilisubiri, na mkono wangu umetulia, mtajionea wenyewe mwandiko.

Mimi niliishia darasa la nne, na ingawa majina hayanipotei, mambo mengine yaweza kunipotea. Wifi anasema hakupandisha sauti nyuma ya jiko, na kwamba kalamu aliiona. Nesi wa Vuga, kama nimekosea maneno yako, nitumie salamu kwa watu wa sokoni. Daktari, ile mitoki na ile hatari kama nimezieleza vibaya, nirekebishe kliniki ijayo. Na wewe mkwe, uliyekuwepo wakati wote, kama havikuwa viazi kwenye maua, kama uliviona mapema zaidi au hukusimama hivyo nilivyosema, njoo uniambie. Safari hii usizunguke.